Slipu ya kwanza ya mshahara: namna ya kuisoma mstari kwa mstari na kuipigia hesabu mwenyewe

Kila mwisho wa mwezi swali linalokuja ni lile lile. "Kwenye usaili niliambiwa laki nane. Meseji ya benki inasema laki sita na sitini. Nimeibiwa?"

Mara nyingi hujaibiwa. Wapo walioibiwa kweli, lakini hao ndio hawaulizi, kwa sababu pesa yao haikupotelea benki. Imepotelea kwenye mstari wa slipu ambao hawakuukagua, au mahali ambapo slipu haifiki. Tumeshajibu swali hili vipande vipande mara nyingi na bado watu wanakwama palepale, kwa hiyo leo tunaifanya hesabu yote mwanzo hadi mwisho.

Mfano wetu ni mtunza stoo aliyeajiriwa kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, sekta binafsi, anayelipwa kwa mwezi. Weka tarakimu zako mahali pa zake.

## Uwe na nini mkononi

- Mkataba wa kazi au barua ya ajira, iliyosainiwa na pande zote mbili
- Slipu ya mshahara ya mwezi unaokagua
- Meseji ya benki au ya mtandao wa simu inayoonyesha kilichoingia
- Namba yako ya uanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), namba ya NIDA na TIN (namba ya mlipakodi)
- Kikokotoo cha simu
- Daftari dogo ulilokuwa ukiandika saa za kuingia na kutoka

Hilo daftari watu hulidharau. Bila hilo, ubishi wa ovataimu unakuwa neno lako dhidi ya neno la msimamizi, na msimamizi ana karatasi.

Kama hupewi slipu kabisa, anzia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akulipe pamoja na maelezo ya maandishi ya malipo na makato. "Sisi huwa hatutoi slipu" si jibu. Iombe kwa meseji au kwa baruapepe, ili ombi lenyewe libaki na tarehe.

## Hatua ya 1: Anza na mkataba

Slipu inakuambia ulicholipwa. Mkataba unakuambia ulichopaswa kulipwa. Anayeanza na slipu hana cha kulinganisha nacho.

Tafuta mambo manne kwenye mkataba.

La kwanza ni jina la mwajiri. Vijana wengi wa Dar wanaofanya kazi kwenye benki, kampuni za simu na viwanda wameajiriwa na kampuni ya wakala. Unavaa fulana ya benki, lakini mwajiri wako kisheria ni wakala, na ndiye anayepaswa kukulipia NSSF. Ukienda kulalamika kwa meneja wa tawi utazungushwa mpaka uchoke.

La pili ni aina ya mkataba: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu, au wa kazi maalumu. Kama karatasi yako inaitwa mkataba wa huduma au wa ushauri, na slipu ina kato moja tu la 5% linaloitwa kodi ya zuio, basi vitabuni wewe ni mtoa huduma, si mfanyakazi. Hakuna NSSF hapo, wala likizo ya malipo. Kama kila siku unaingia saa mbili, una bosi na unaomba ruhusa ya kwenda msibani, huo "ushauri" una walakini, na inafaa uulize mapema kabla miezi haijapita.

La tatu ni muda wa majaribio. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana ile kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na ndiyo maana waajiri wengi huandika miezi 6. Ila majaribio hayaahirishi NSSF. Ukiambiwa "tutakuandikisha ukithibitishwa", kataa kwa adabu; mchango unaanza na mshahara wa kwanza.

La nne ni kile kiasi ulichoahidiwa: ni ghafi, yaani kabla ya makato, au ni cha mkononi? Neno hilo moja ndilo huzaa nusu ya malalamiko yote. Kama mmekubaliana "laki sita na nusu mkononi", bado dai kiasi cha ghafi kiandikwe, kwa kuwa mchango wako wa NSSF unatoka kwenye ghafi.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiweza kutaja, bila kuchungulia, mwajiri wako ni nani, mshahara wako wa msingi ni kiasi gani na ghafi ni kiasi gani.

## Hatua ya 2: Tenganisha msingi, posho na ghafi

Slipu nyingi za mjini huandikwa kwa Kiingereza. Basic ni mshahara wa msingi, Gross ni ghafi, Net ni kinachobaki mkononi.

Mtunza stoo wetu ana hivi:

- Mshahara wa msingi: 600,000
- Posho ya nyumba: 120,000
- Posho ya usafiri: 80,000
- Ghafi: 800,000

Kwa nini mwajiri aigawe? Kwa sababu vitu vingi vinahesabiwa kwenye msingi peke yake: ovataimu, malipo ya sikukuu, kiinua mgongo. Msingi ukiwa mdogo na posho zikiwa nono, ghafi inapendeza lakini saa yako ya ziada inakuwa ya bei rahisi. Ukipewa nafasi ya kujadiliana kabla ya kusaini, pigania msingi.

Usidhani kuwa posho haikatwi kodi. Posho ya nyumba na ya usafiri inayolipwa taslimu kila mwezi inaingia kwenye kodi kama mshahara mwingine.

Na kama uliripoti kazini katikati ya mwezi, usishtuke kuona mstari huu ni mdogo. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, msingi wa mwezi ugawanywe kwa 26 ili kupata siku moja. Kwa 600,000 ni kama 23,077. Zidisha kwa siku ulizofanya, uone kama mnakutana.

## Hatua ya 3: NSSF

Jumla ya mchango ni 20% ya mshahara. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, wewe hukatwa 10% na mwajiri huongeza iliyobaki, 10%. (Serikalini ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma: mtumishi 5%, mwajiri 15%.)

Ghafi 800,000 × 10% = 80,000.

Hiyo ndiyo tarakimu unayoitafuta upande wa makato. Slipu nyingine huchapisha pia mchango wa mwajiri, 80,000 nyingine, chini kabisa au pembeni. Watu huiona, huijumlisha, kisha hulalamika kwamba wamekatwa 160,000. Hiyo ya pili haitoki kwako. Kuangalia ni rahisi: itoe kwenye hesabu, na kama Net inalingana bila hiyo, basi ni ya mwajiri.

Hatari yenyewe ni pale NSSF inapopigwa kwenye msingi tu. Slipu itaonyesha 60,000 badala ya 80,000, na mkononi utapata kama 16,000 zaidi, kwa hiyo hutanuna. Lakini kwenye akaunti yako ya NSSF zimepungua 40,000 mwezi huo, 20,000 zako na 20,000 za mwajiri. Aliyefaidika ni nani? Na mafao, likiwemo fao la uzazi, hufuata kilichochangiwa.

Ndugu yake ni mshahara wa bahasha: slipu inasema laki nne, nyingine nne unapewa pembeni "ili tusikatwe sana". Siku ukiomba mkopo benki au ukiachishwa kazi, bahasha haina ushahidi.

## Hatua ya 4: Kodi ya PAYE

PAYE ni kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara wako. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa karibu daima ni moja kati ya mawili. Wanasahau kuondoa NSSF kwanza, au wanapiga asilimia kwenye mshahara wote badala ya kipande kinachozidi.

Ondoa NSSF: 800,000 − 80,000 = 720,000. Hicho ndicho kiasi kinachotozwa kodi.

Sasa tafuta daraja lako. Viwango vya mwezi kwa Tanzania Bara ni hivi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 1,000,000

Mtunza stoo yuko daraja la tatu. Kinachozidi 520,000 ni 200,000. Asilimia 20 yake ni 40,000. Jumlisha 20,000. PAYE ni 60,000.

Mkononi: 800,000 − 80,000 − 60,000 = 660,000. Ndiyo ile laki sita na sitini ya swali letu la mwanzo.

Kama slipu yako yenye ghafi hiyo hiyo inaonyesha PAYE ya 78,000, mhasibu hakuondoa NSSF kabla ya kupiga kodi. Ni 18,000 kila mwezi, na nimeliona kosa hili hasa kwenye ofisi ndogo zinazoandaa mishahara kwa mkono. Ikiwa ni 64,000, rudi hatua ya 3: huenda NSSF yako imepigwa kwenye msingi tu.

Kuna hofu nyingine ya kuiondoa hapa hapa. Wapo wanaokataa nyongeza kwa kuogopa "kuruka daraja" na kubaki na kidogo kuliko zamani. Haiwezekani. Tuseme ghafi imepanda kutoka 800,000 hadi 850,000. NSSF ni 85,000, kinachotozwa kodi ni 765,000, na hapo umeingia daraja la 25%. Lakini hiyo 25% inagusa 5,000 tu iliyozidi 760,000. PAYE inakuwa 69,250 na mkononi unabaki na 695,750. Umeongezeka 35,750. Chukua nyongeza yako.

Mwenye ajira mbili aangalie kivyake: mshahara wa kazi ya pili hutozwa 30% moja kwa moja, bila madaraja haya. Na kwa kuwa sheria ya fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza 1 Julai, slipu ya Julai isome kwa macho mawili.

Umefaulu ikiwa tarakimu yako na ya slipu zinakutana. Zikipishana kwa shilingi chache ni kule kukata desimali tu.

## Hatua ya 5: Makato mengine, halali na yasiyo halali

Kama ulisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukata 15% ya mshahara wa msingi. Kwa mtunza stoo huyu ni 90,000, na mkononi anabaki na 570,000. Kutoka laki nane hadi laki tano na sabini inauma, ndiyo, lakini hesabu iko sawa. Usipange chumba Sinza kwa kutumia tarakimu ya kwenye usaili.

Ada ya chama cha wafanyakazi hukatwa ukiwa umejiunga kwa maandishi. Kwenye sehemu ya kazi ambapo chama kina wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi, hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala. Advansi uliyochukua nayo itakuwa hapo. Kagua isikatwe mara mbili.

Mambo mawili hayapaswi kuwa upande wa makato yako kabisa. Moja ni mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaolipwa na mwajiri peke yake kwa 0.5% ya mishahara. Jingine ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, nayo ni mzigo wa mwajiri. Ukiyaona yamekatwa kwako, uliza.

Sasa tuje kwenye shoti, kwa sababu wauza maduka wa Kariakoo, makeshia na wahudumu wa baa ndio wanaoumia zaidi. Pesa imepungua kwenye droo, bosi anakata, na mwisho wa mwezi unaambiwa huna kitu.

Sheria hairuhusu iwe hivyo. Ili ukatwe kwa hasara au uharibifu, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, mwajiri awe amekueleza kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipata, na wewe uwe umepewa nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwenye 800,000 ni 200,000 kwa mwezi, basi.

Kwa hiyo usisaini karatasi ya shoti siku hiyo hiyo, usiku, duka likiwa linafungwa. Omba nakala, uisome kesho.

## Hatua ya 6: Ovataimu, usiku na sikukuu

Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inayohitaji makubaliano, na isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki 4. Anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye ukomo huu.

Tafuta kwanza thamani ya saa yako. Chukua msingi, gawanya kwa 195 (ndiyo wiki 4.333 mara saa 45). Kwa 600,000 ni kama 3,077.

- Ovataimu: mara moja na nusu, karibu 4,615 kwa saa
- Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu: mara mbili, karibu 6,154 kwa saa
- Usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi: nyongeza ya 5%, karibu 154 kwa saa

Hiyo 154 inaonekana hela ya pipi. Mlinzi mwenye msingi kama huu anayekesha zamu za usiku mwezi mzima, 5% yake ni 30,000. Makampuni mengine huisahau kwa sababu hakuna anayeikumbusha.

Jumlisha saa za daftari lako, zidisha, linganisha na mstari wa ovataimu. Angalia pia tarehe ya kufunga hesabu: kama ofisi yako hufunga tarehe 20, saa za tarehe 24 zitakuja mwezi ujao. Hilo peke yake humaliza ugomvi mwingi.

Kwenye slipu nyingine utaona salio la likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabika. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 bado hajaifikia.

## Hatua ya 7: Fuata pesa nje ya slipu

Slipu ikishakubali, fungua meseji ya benki. Net na kilichoingia viwe sawa. Ada ya benki ya kila mwezi au ya kutoa kwenye simu si kato la mwajiri. Itoe kwanza kabla hujalalamika.

Kisha nenda kwenye kile ambacho slipu haiwezi kukuonyesha: je, NSSF iliyokatwa imefika? Mwajiri ana siku 30 baada ya mwezi kwisha kuwasilisha michango. Maana yake mchango wa Septemba usiutafute tarehe 2 Oktoba. Utafute mwanzoni mwa Novemba.

Angalia taarifa yako kwa mtandao ukitumia namba ya uanachama, au fika ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe na kitambulisho cha NIDA. Unachotaka kuona ni mwezi, jina la mwajiri uliyemsoma kwenye hatua ya 1, na kiasi cha 160,000, yaani pande zote mbili. Ukiona 80,000 tu, nusu haijaingia. Usipoona kitu wakati slipu inaonyesha ulikatwa, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwenye mwongozo huu, na wengi huigundua baada ya miaka, siku wanapofuata mafao. Slipu zako ndizo ushahidi. Zipige picha kila mwezi na uzihifadhi mahali ambapo si simu ya ofisi.

Rudia ukaguzi huu kila baada ya miezi mitatu.

## Hatua ya 8: Hesabu ikikataa

Anza na HR au mhasibu, kwa maandishi, bila lawama. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za kazi, dada. Naomba unisaidie kuangalia slipu yangu ya mwezi huu. Ghafi ni 800,000 na NSSF ni 80,000, hivyo kiasi cha kodi ni 720,000 na kwa hesabu yangu PAYE ni 60,000. Slipu inaonyesha 78,000. Kama nimekosea naomba unielekeze, na kama ni marekebisho naomba yaingie mwezi ujao. Asante."

Ukiweka hesabu yako mezani, mwenzako analazimika kujibu kwa hesabu. Ukiandika "mbona mmenikata", utajibiwa "ndivyo mfumo ulivyo".

Wakikubali kosa, tafuta mwezi unaofuata mstari wa malimbikizo. Usikubali kuongezewa kimyakimya ndani ya posho, maana hutajua kama limelipwa lote.

Wasipojibu, mshirikishe kiongozi wa tawi la chama kama lipo, au nenda kwa ofisa kazi. Suala la michango isiyofika lipeleke NSSF wenyewe, ambao wana wakaguzi na uwezo wa kumdai mwajiri pamoja na adhabu ya kuchelewesha.

Mgogoro wa malipo unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Si lazima uwe na wakili. Unajaza fomu namba moja ya Tume, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaiwasilisha. Muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30 tu. Hesabu tangu siku ya mshahara uliokosewa, na usitegemee kwamba ahadi za "njoo Jumatatu" zitasimamisha kalenda.